Tuupande Msimbazi Hadi Pugu

Jiji la Dar es Salaam lina mahali paitwapo Jangwani, na masika yakikolea mahali hapo hugeuka ziwa. Mgeni akilisikia jina hilo hucheka. Desemba 2011 hakucheka mtu: mvua ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika, watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande.

Juma hili nakuomba tuufuate mto huo kinyumenyume, tutoke Jangwani tupande unakoanzia. Safari si ndefu. Chukua daladala hadi Gongo la Mboto, kisha nyingine ya Kisarawe. Ni kama kilomita 30 tu toka katikati ya jiji. Vilima vya Pugu havizidi sana mita 300, lakini ukishaingia msituni kwa miguu, joto la Kariakoo unalisahau. Njia inateremka korongoni, udongo unakuwa mweusi wenye unyevu, na huko chini ndiko kwa mkindu, ule utupao ukindu wa mikeka yetu. Vijito vya mabonde kama hayo ndivyo vinavyouzaa Msimbazi.

Huko California, Marekani, watu hulipa kiingilio ili watembee Palm Canyon, karibu na mji wa Palm Springs. Nalo ni korongo lenye maji na miti ya porini ya jamii ya minazi, ila liko katikati ya jangwa la kweli. Wenyewe ni wenyeji wa asili wa kabila la Cahuilla, na kiingilio hicho ni chao.

Sisi korongo letu tumelitumia vingine. Misheni ya Wabenediktini iliyofunguliwa Pugu mwaka 1888 ilishambuliwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 waliipitisha katika vilima hivi hivi. Na Mwalimu Nyerere alifundisha hapo Pugu, St. Francis, mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Hayo yamo vitabuni.

Historia isiyomo vitabuni ni ya gunia la mkaa. Jiji lilipopanuka, misitu iliyokuwa karibu na majiko yetu ilikuwa Pugu na jirani yake Kazimzumbwi, na kufika miaka ya 1990 sehemu kubwa ilikuwa imekwisha liwa. Nasema imeliwa, maana ilipikia wali na maharage. Mchoma mkaa simlaumu peke yake. Mimi na wewe ndio tulionunua. Kilima kikibaki uchi, mvua haina wa kuichelewesha: huteremka na mchanga wake moja kwa moja, mto ukajaa mchanga, na maji yakatafuta njia vyumbani mwa watu.

Msitu huo si pori tu la kukatwa. Upo mti ambao wataalamu wameuita Baphia puguensis, kwa jina la Pugu yenyewe. Yupo pia komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, mwenye uzito wa gramu kama 60, hata nusu ya sabuni ya kufulia hafikii.

Tena lipo jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Mji wa Kisarawe, jirani wa chemchemi za Msimbazi, ulingoja hadi Juni 2020 ndipo ukazinduliwa mradi wake mkubwa wa maji ya bomba. Nayo yalitoka mbali, Ruvu Juu, pale Mlandizi wilayani Kibaha, yakasukumwa toka Kibamba kupanda kilima.

Siku hizi misitu hiyo miwili ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi. Nenda wakati wa kiangazi, vaa viatu vya kufunika, mchukue na mtoto wako umwonyeshe kijito kabla hakijawa mto. Yako pia mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo. Magharibi popo hutoka humo kwa maelfu. Ukiwaona wameanza kutoka, jua umechelewa daladala.