Nguruwe wa Uzaramo

Ukifika Chanika usidhani historia yake ilianza na viwanja. Hapa ni Uzaramo, nchi ya mihogo na nguruwe mwitu. Nguruwe hafukuzwi na mtu mmoja. Akitoka kwa huyu anaingia kwa yule. Mwenye wavu, mwenye bunduki na mwenye shamba walihitajiana.

Mwaka 1902 Mjerumani akaleta mashamba ya pamba ya lazima. Wanaume wakasombwa, baruti ikabanwa, kina mama wakabaki kukesha na nguruwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kwamba njaa na nguruwe hao walichangia Majimaji ya 1905 huku Uzaramo.

Basi vijana, kibali cha Bomani peke yake hakilindi muhogo. Anayepiga hodi kwa mwenye shamba ndiye anayeonyeshwa njia ya nguruwe.