Mbegu za mlonge na maji ya mtoto: zinaondoa nini, zinaacha nini

Masika yakianza, maji ya visima vifupi hubadilika rangi. Ukiwa Mkokotoni au kijiji cha jirani, na mfereji haujatoka maji siku mbili, utachota hayohayo. Mama wengi wana mlonge uani (wengine huuita mzunze) na wamesikia kwamba mbegu zake husafisha maji. Ni kweli, ila si kwa kila uchafu.

Ndani ya mbegu mna protini inayovuta chembe za udongo na vijidudu vingi, vikagandamana na kuzama chini. Wanawake wa Sudan, kandokando ya mto Nile, walikuwa wakiitumia njia hii kwa maji ya mto yenye tope, na watafiti wakaja kujifunza kwao.

Jinsi ya kufanya

Chukua maganda yaliyokauka mtini na kuwa ya kahawia. Menya mbegu mpaka ubaki na kiini cheupe. Kikiwa kimeoza au kimebadilika rangi, kitupe. Kwa ndoo ya lita 20, mbegu 10 zinatosha kwa maji yenye tope la wastani. Yakiwa mazito sana, tumia 20. Twanga kwenye kinu safi, changanya unga na maji safi kidogo kwenye chupa, tikisa dakika 5, kisha chuja kwa kitambaa safi ukimiminia ndani ya ndoo. Koroga haraka dakika moja, halafu polepole dakika 5 hadi 10. Funika na uiache saa moja au mbili bila kuitikisa. Hapa ndipo wengi tunapokosea, maana mtu ana haraka na ndoo inahamishwa mara tatu. Tope likishatulia, mimina maji ya juu taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa.

Sasa yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa angalau dakika moja, au tia dawa ya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Usiiruke hatua hii. Mbegu hupunguza sana vijidudu lakini haviishi vyote, na vilivyobaki huweza kuzaliana tena, kwa sababu mabaki ya mbegu ni chakula chao. Ndiyo maana maji ya mlonge hayalazwi: yatengeneze ya siku moja tu.

Mbegu ndizo zinazotumika. Mizizi na magome ya mlonge yana sumu, na mjamzito asiyatumie kabisa.

Maji maangavu ya kisima je?

Hapa mlonge hausaidii sana. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu na nyufa. Maji ya choo hupenya kwa urahisi mpaka kisimani, na macho hayaoni kitu. Maji ya namna hiyo chemsha moja kwa moja, usipoteze mbegu. Chumvi nayo mlonge hauiondoi, wala naitreti inayotoka vyooni na kwenye mbolea. Hiyo hata kuchemsha hakuiondoi, na ni hatari kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya kopo. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata tone la maji.

Mwani wa Makoba

Mimea kusafisha maji si jambo geni kwetu kaskazini. Katika ghuba ya Makoba, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walipitisha maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki katikati ya mwani. Utafiti wa Flower Msuya na Amir Neori, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa mwani ulipunguza amonia na kuongeza oksijeni majini.

Lakini fikiria kidogo: mmea unaofyonza uchafu unabaki nao mwilini mwake. Kwa hiyo usichume mchicha wala matembele yaliyoota kwenye mtaro wa maji machafu, hata yakinawiri vipi. Na dumu lililokuwa na dawa ya shambani lisichotewe maji kamwe. Hakuna mbegu wala kuchemsha kunakoitoa sumu hiyo.

Mtoto akiharisha

Mpe ORS, ukisoma kwenye pakiti ni maji kiasi gani, na uendelee kumnyonyesha. Uliza kituoni kuhusu vidonge vya zinki. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, au macho yamebonyea, au hawezi kunywa, au amelegea, mpeleke kituo cha karibu au hospitali ya Kivunge saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku, na mwendelee kumpa ORS njiani.