Kuhama kabla ya mafuriko katika bonde la Rufiji

Kuhama kabla ya mafuriko ni maandalizi yanayofanywa na kaya za wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, ili kutoka bondeni maji ya mto yakiwa bado hayajafunga njia. Mto Rufiji huanzia pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, hupokea Ruaha Mkuu, hupita Utete, kisha huingia Bahari ya Hindi kwa delta pana ya mikoko inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Maji hupanda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mengi hutoka bara, kwa hiyo mto unaweza kujaa siku ambazo Rufiji kwenyewe jua linawaka, na anayetazama wingu la kwao tu hushtukizwa.

Dungu na mlau

Mkulima wa Rufiji alikuwa na makao mawili, ya nyumbani na ya shambani. Shambani alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ambacho hupandwa kwa ngazi ya miti. Humo familia ililala msimu mzima ikilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na viboko. Maji yalipoingia shambani, yalipita chini ya sakafu. Mtumbwi ulifungwa kwenye nguzo, na chakula, mbegu na moto vilikuwa juu tayari. Ni ujenzi wa busara kubwa, na haustahili kuitwa makazi duni.

Mafuriko ya kadiri yalipokelewa vizuri. Yaliacha tope lenye rutuba, na maji yalipokauka watu walipanda mlau, yaani mahindi, kunde na pamba zilizoota kwa unyevu uliobaki ardhini bila kungoja mvua. Hofu ilikuwa kwa maji yaliyovuka kimo cha dungu.

Operesheni Rufiji

Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia wakazi wa bondeni katika vijiji vipya kwenye miinuko. Zoezi hilo lilitangulia operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zilizoenea nchi nzima. Nyumba zilihama lakini mashamba yenye rutuba yakabaki kulekule, na watu wakaendelea kushuka kulima. Tangu hapo tatizo la kuhama Rufiji limekuwa na sura ya pekee: maji yanapokuja, kaya imegawanyika. Wazee na wanafunzi wako kijijini, baba na mama wako shambani, na mpunga bado haujakomaa. Hili la mpunga ndilo huwachelewesha watu kuliko jingine lolote. Mwenye ekari mbili zinazoanza kutoa masuke haondoki kwa tangazo la redio peke yake.

Maandalizi ya kaya

Kaya iliyozoea mto huanza na kijiti. Huchomekwa ukingoni mwa maji jioni na kutazamwa alfajiri. Kikiwa kimezama, watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa hutangulia siku hiyohiyo, mchana, kabla mitumbwi haijagombaniwa. Kuvuka usiku huepukwa kwa sababu ya mamba na viboko, ambao hutawanyika na maji hadi vijiani na mashambani.

Vinavyobebwa kwanza ni vyepesi na visivyopatikana tena kwa urahisi: kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, dawa za mgonjwa wa kudumu na fedha. Vyote hufungwa katika mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na kukabidhiwa mtu mmoja anayejulikana na wote. Hufuata unga, chumvi, viberiti, sufuria moja, chandarua, kanga na ndoo yenye mfuniko. Ndoo hii ina thamani kuliko godoro, kwa kuwa visima na vyoo vikishafunikwa, maji yake huchanganyika, na kipindupindu huwa karibu.

Mbegu za msimu ujao hutengwa na chakula. Familia iliyokula mbegu kambini hurudi bondeni mikono mitupu, na mlau unapita. Magunia yasiyobebeka hupandishwa darini au hupelekwa kwa ndugu aliye mwinukoni. Makubaliano hayo hufanywa kabla ya masika. Umeme wa nyumba huzimwa kwenye swichi kuu. Mwenyekiti wa kitongoji huachiwa majina ya waliobaki shambani.

Mifugo

Mbuzi hutangulizwa kwa miguu. Kuku hubebwa kwenye matenga.

Tahadhari rasmi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114.

Hali ya sasa

Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye Mto Rufiji na lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mafuriko ya masika ya 2024 yalifunika mashamba na makazi mengi ya Rufiji na Kibiti, na kuzua mjadala mkali kuhusu maji yanayofunguliwa bwawani. Tangazo la kufunguliwa kwa milango ya bwawa sasa ni taarifa ambayo kaya za bondeni huisikiliza pamoja na utabiri wa mvua.