Ndege za Vita za Ziwa Tanganyika, 1916: Kikosi na Vibarua Wake

Historia za vikosi vya kwanza vya ndege za vita huandikwa kwa utaratibu mmoja: aina ya ndege, majina ya marubani, tarehe za mashambulizi. Utaratibu huo una manufaa yake, kwani pasipo tarehe historia hugeuka hekaya. Hata hivyo, ukitumiwa peke yake huwaacha nje watu wengi kuliko unaowataja. Kikosi cha Wabelgiji kilichoruka juu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1916 ni mfano ulio wazi, nao una funzo kwa watafiti wa Bunia.

Mwanzoni mwa mwaka huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kupoteza meli zao mbili ndogo ziwani: Kingani, iliyotekwa Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann, iliyozamishwa Februari 1916. Ilibaki Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, iliyoshushwa majini Kigoma Februari 1915. Ili kuishambulia bandarini mwake, Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege nne aina ya Short 827. Kila moja ilichukua watu wawili, rubani na mtazamaji, nayo ilielea juu ya maboya badala ya kusimama juu ya magurudumu. Kazi yake ilikuwa kupeleleza na kutupa mabomu. Huko ziwani hapakuwa na ndege ya adui ya kupigana nayo.

Ndege hizo hazikufika ziwani kwa kuruka. Zilivuka bahari hadi Matadi, kisha zikafuata njia iliyobadilishana reli na mto: reli hadi Léopoldville, mto hadi Stanleyville, reli hadi Ponthierville, mto hadi Kindu, reli hadi Kongolo, mto hadi Kabalo, na mwishowe reli hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kila palipoishia reli au mto, mizigo ilishushwa na kupakiwa upya, na kazi hiyo ilikuwa ya vibarua Wakongo. Kwa kuwa mawimbi ya ziwa kubwa yalikuwa hatari kwa maboya, kituo kiliwekwa Tongwe, penye ziwa dogo lililotulia, kaskazini ya Albertville.

Kikosi kiliongozwa na Kamanda de Bueger. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mtazamaji Collignon walivuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma. Mashambulizi yaliendelea wiki zilizofuata. Lakini si mabomu yaliyoizamisha Götzen. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, tarehe 26 Julai, majeshi ya nchi kavu ya Wabelgiji yalipokaribia. Siku mbili baadaye Kigoma ikatwaliwa. Waingereza waliiopoa meli hiyo mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Behaeghe alifariki Niemba Desemba 1916, na jina lake limehifadhiwa kama rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati. Haki yake hiyo haina ubishi. Ila majeshi yaliyoiteka Kigoma, na baadaye Tabora mnamo Septemba 1916, yalitembea juu ya migongo ya wapagazi, ambao jumla yao kwa upande wa Wabelgiji katika vita vyote hukadiriwa kuwa 260,000. Hao wamebaki hesabu tu. Orodha ya kikosi humtaja aliyekaa katika ndege saa chache. Haimtaji aliyeibeba kwa miezi.

Lugha nayo ni shahidi. Kabla ya chombo hicho kuonekana, neno ndege lilikuwa na maana mbili: kiumbe mwenye mbawa, na dalili ya heri au ya shari. Waswahili hawakulazimika kuazima jina la kigeni. Walilipa neno lao maana ya tatu. Kwa mtu aliyekuwa chini ya mabomu, maana hizo tatu hazikuwa mbalimbali.

Hapo ndipo Bunia inapoingia. Wakati wa vita dhidi ya Wasimba, uwanja wa Bunia ulitumiwa na ndege za kivita aina ya T-28 zilizorushwa na marubani wageni, wengi wao Wakyuba waliohama kwao. Habari za marubani hao zimekwisha kuandikwa ng'ambo. Hazijaandikwa kwa kadiri hiyo habari za waliojaza mafuta, waliofyeka uwanja, waliokimbilia porini waliposikia mngurumo. Wapagazi wa mwaka 1916 hawawezi tena kuulizwa. Lakini aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1965 sasa ni mzee wa miaka sabini na zaidi, na bado yuko wa kuulizwa, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Mwanafunzi mwenye daftari na subira aweza kuianza kazi hiyo katika mtaa wake. Ikicheleweshwa, Bunia nayo itabakiwa na orodha ya marubani peke yake.