Kuku wa Batavia

Sisi tuliolelewa kwa wali hupenda mchele uwe mweupe pe. Mchele wa kutwanga kinuni, wenye wekundu wa pumba, tuliuona ni wa kimaskini. Ndiyo maana kisa cha beriberi kimenishika sana.

Ugonjwa huo hulegeza miguu, huvimbisha mwili, na mwishowe hushinda moyo. Mwaka 1883 Ryujo, meli ya kivita ya Japani, ilimaliza safari ndefu ikiwa na wagonjwa 169 kati ya mabaharia 376, wakafa 25. Daktari Takaki Kanehiro akaongeza nyama na shayiri katika posho, na meli iliyofuata njia ile ile mwaka 1884 haikuzika mtu kwa beriberi. Takaki alidhani siri ni protini.

Waliofichua siri yenyewe ni kuku. Huko Batavia, katika kisiwa cha Java, Christiaan Eijkman aliona kuku wake wakipooza miguu, kisha wakapona ghafla. Kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi, mpaka mpishi mpya alipokataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa askari! (Mpishi huyo namheshimu kuliko maprofesa wengi.) Eijkman alidhani wali una sumu, na pumba ndiyo kiuasumu. Ni msaidizi wake, Gerrit Grijns, aliyesema mwaka 1901 kwamba sumu haipo. Kuna kitu kilichokosekana. Leo twakiita vitamini B1.

Tuzo ya Nobel ya 1929 alipewa Eijkman, pamoja na Mwingereza Hopkins. Grijns hakupewa. Na pumba, mashineni kwetu, bado twawapelekea kuku.