Walezi wa Wagonjwa wa Skizofrenia: Familia za Itetemia na Kwingineko Zinavyoweza Kupokezana Mzigo

Kata ya Itetemia, katika Manispaa ya Tabora, inajulikana zaidi kwa historia kuliko kwa habari za afya. Ni eneo la watemi wa Unyanyembe, na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika ardhi hiyo. Jirani yake, huko Kwihara, lipo tembe la kumbukumbu mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu na vitambaa katika njia hiyo walikuwa na vituo vya kutulia mizigo yao.

Mlezi wa mgonjwa wa skizofrenia mara nyingi hana kituo cha namna hiyo. Huamka usiku kumfuata ndugu aliyetoka nyumbani bila kuaga, huhakikisha dawa zimemezwa, huwajibu majirani maswali yasiyo na majibu, na asubuhi hutakiwa awe shambani. Msimu wa mvua unapoanza mwezi Novemba, uamuzi wa kubaki nyumbani na mgonjwa au kwenda kulima huwa ni uamuzi kuhusu chakula cha mwaka mzima.

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoathiri namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyouelewa ulimwengu unaomzunguka. Mgonjwa anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anafuatiliwa au anataka kudhuriwa, kuzungumza maneno yasiyofuatana, au kujitenga na kuacha hata kuoga. Dalili hizo za mwisho ndizo familia nyingi huzichukulia kuwa uvivu au kiburi, na ndizo huleta ugomvi mwingi nyumbani kuliko zile za sauti. Ugonjwa huanza zaidi katika miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini, na kwa wanaume mara nyingi huanza mapema kuliko kwa wanawake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya watu 300 duniani anaishi na ugonjwa huu. Hautokani na malezi mabaya. Urithi wa kinasaba na mazingira vyote huchangia, na matumizi ya bangi huongeza hatari hasa kwa vijana.

Historia ya huduma nchini inaeleza kwa nini mzigo mkubwa umebaki kwa familia. Lutindi, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilifuata katika miaka ya 1920, na hadi leo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kwa familia ya Tabora, kufika Mirembe kulimaanisha safari ya treni ya Reli ya Kati, mgonjwa akisindikizwa na ndugu wawili au watatu. Katika miaka ya 1980 Serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, ilianza mpango wa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro wa kuingiza huduma za afya ya akili katika vituo vya kawaida vya afya. Mwelekeo huo ndio unaofuatwa hadi sasa: mgonjwa hutibiwa karibu na nyumbani, na hulala nyumbani. Ni mwelekeo sahihi. Hata hivyo, unamfanya ndugu kuwa muuguzi, na ndugu huyo hakupewa mafunzo.

Jitihada za kutoa mafunzo hayo zipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliandaa mpango uliopewa jina la KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, na kuujaribu katika hospitali za rufaa za Dar es Salaam na Mbeya. Mgonjwa na ndugu anayemlea waliingia pamoja, wakakutana na familia nyingine katika vikao 12 vilivyoongozwa. Walijifunza ugonjwa ni nini, dawa zinafanya nini, dalili za kurudi kwa ugonjwa zinavyoonekana mapema, na namna ya kutatua tatizo moja la nyumbani kwa wakati mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa hakuachwa nje ya mlango wakati ndugu wakimjadili.

Zanzibar nayo ina somo lake. Mtafiti kutoka Marekani, Juli McGruder, aliishi karibu na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia huko Unguja, na mwaka 2004 maelezo yake yalichapishwa katika kitabu cha kitaaluma kuhusu ugonjwa huo. Alikuta nyumba ambamo ugonjwa ulipokelewa kama mtihani kutoka kwa Mungu, mgonjwa hakusutwa kila mara, na siku alizokuwa na nafuu alirudi katika nafasi yake ya kawaida bila maswali mengi. Tafiti zilizofanywa London tangu miaka ya 1950 zilikuwa zimekwisha kuonesha upande wa pili: wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama, makaripio na wasiwasi mwingi waliugua tena upesi zaidi. Hili halina maana kwamba familia ndiyo inayosababisha ugonjwa. Lina maana kwamba sauti ya upole nyumbani ni sehemu ya tiba, nayo haiwezekani kwa mlezi ambaye hajalala siku tatu.

Ndiyo sababu vikundi vya walezi vina faida. Kikundi hakihitaji jengo wala mfadhili. Familia tano au sita zinazokutana kliniki siku ileile ya kuchukua dawa zinatosha kuanza, na mahali pa kukutania panaweza kuwa baraza la zahanati au chini ya mwembe. Mambo mawili yakubaliwe tangu siku ya kwanza: yanayosemwa hapo hayatoki nje, na hakuna anayemlaumu mwenzake kwa aliyoyafanya kabla ya kujua. Wapo waliozunguka kwa waganga kwa miaka wakauza ng'ombe; wapo waliomfunga ndugu yao kamba au mnyororo kwa hofu. Watu hao wanahitaji kusikilizwa kwanza, kisha kuelezwa kwamba kufunga kunamdhuru mgonjwa na kunakiuka haki zake.

Kazi kubwa ya kikundi ni kupokezana. Mlezi mmoja akienda kulima, mwingine akae na wagonjwa wawili asubuhi hiyo. Wiki inayofuata wabadilishane. Mgonjwa aliyetulia naye apewe kazi anayoiweza, iwe kupalilia, kuchota maji au kuchunga, kwa kuwa kukaa bila shughuli humrudisha nyuma. Walezi pia hupeana maarifa ambayo hayapatikani katika kijikaratasi cha dawa. Mgonjwa anayesema anasikia sauti habishiwi, wala hakubaliwi kwamba sauti hizo ni za kweli; huambiwa tu kwamba inaeleweka jinsi zinavyomtisha. Akianza kukosa usingizi, kuongea peke yake zaidi ya kawaida au kukataa chakula akihofia sumu, asisubiriwe mpaka avunje kitu. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo au kesho yake.

Kuhusu dawa, kosa linalojirudia ni kuziacha mgonjwa anapopata nafuu. Nafuu hiyo mara nyingi ni kazi ya dawa zenyewe. Iwapo mgonjwa anatetemeka, anakakamaa shingo, macho yanapanda juu au analala mno, mlezi amweleze mtoa huduma, kwa kuwa dozi inaweza kurekebishwa na ipo dawa ya kupunguza madhara hayo. Kwa wanaosahau au kukataa vidonge, zipo sindano zinazofanya kazi mwilini kwa wiki kadhaa.

Mwananchi wa Itetemia huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ndiyo inayosimamia matunzo na ulinzi wa mgonjwa, ikiwa ni pamoja na kulazwa kwa hiari au kwa lazima pale hali inapokuwa ya hatari. Sera ya msamaha wa gharama inawahusu pia wagonjwa wa akili katika vituo vya umma; inapotokea dawa zimekwisha kituoni, familia iulize zitapatikana lini na wapi, badala ya kurudi nyumbani kimya. Afisa Ustawi wa Jamii husaidia katika masuala ya msamaha na migogoro ya kifamilia.

Walezi wengi ni wanawake. Kikundi chao kikisajiliwa kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 hutengwa kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ufugaji wa kuku au nyuki karibu na nyumbani humwezesha mlezi kupata kipato bila kumwacha mgonjwa peke yake.

Mlezi mwenyewe anaweza kuugua. Kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, kulia mara kwa mara, hasira isiyotulia au mawazo ya kwamba heri kufa ni dalili za sonona, na mtoa huduma yuleyule anayempima ndugu yake anapaswa kuelezwa siku hiyohiyo ya kliniki.