Mifereji ya Kalimantan

Mwezi wa Novemba 1985 Rais Suharto wa Indonesia alisimama mjini Roma mbele ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nchi yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikinunua mchele kwa wageni, ilikuwa imejitosheleza kwa chakula hicho mwaka uliotangulia. Alikwenda pia na mchango wa mpunga wa wakulima wake kwa ajili ya watu wa Afrika waliokuwa wakifa kwa njaa. Hiyo ilikuwa fahari ya haki, nasi wa bara hili hatuna sababu ya kuisahau.

Lakini miaka 10 haikwisha ila mashamba ya kisiwa cha Java yalikuwa yakimezwa na viwanda na majumba, na meli za mchele wa kigeni zimerudi bandarini. Kwa mtawala aliyekwisha sifiwa mbele ya ulimwengu, jambo hilo lilikuwa zito. Ndipo Desemba 1995 alipotoa amri kwamba hekta milioni 1 za misitu ya kinamasi katika Kalimantan ya Kati, kisiwani Borneo, zigeuzwe mashamba ya mpunga. Na fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilitolewa katika mfuko wa kupanda miti upya! Fedha walizotozwa wakata magogo ili msitu urudi, ndizo zilizotumika kuufyeka msitu mwingine.

Yafaa tuieleze ardhi yenyewe. Wenyeji huiita gambut. Si udongo kama huu tunaoujua, bali ni majani, mizizi na magogo yaliyoanguka majini na kukosa hewa ya kuyaozesha, yakalundikana kwa maelfu ya miaka hata pengine kina chake kikapita mita 10. Sehemu yake kubwa ni maji. Ukaa ambao miti ile iliuvuta kutoka angani umebaki humo, umefungiwa na maji. Basi mwenye kuyaondoa maji amefungua mlango wa ghala: hewa huingia, vilivyolala huanza kuoza, na ukaa hupanda angani kuongeza lile blanketi linalozuia joto la dunia lisitoke.

Kazi ilianza mwaka 1996, kabla uchunguzi wa madhara haujakamilika. Ikachimbwa mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000 kwa jumla. Waliochora ramani mezani walidhani mifereji italeta maji mashambani. Kumbe gambut huinuka katikati kama mgongo wa kasa, juu kuliko kingo za mito. Mifereji iliyopasua mgongo huo haikuleta maji, iliyatoa. Kilichobaki ni ardhi kavu na chachu mno, ambayo mpunga hauipendi. Maelfu ya familia kutoka Java na kwingineko waliletwa kulima, na wengi wao wakaondoka mikono mitupu. Wadayak, wenyeji wa mito ile, walipoteza mashamba yao ya mpira na henzerani, na vidimbwi walivyokuwa wakinasia samaki maji yanapopungua. Hao hawakuulizwa shauri lao.

Kisha ukaja mwaka 1997, mwaka wa El Niño, na mvua zikachelewa. Moto uliowashwa ili kusafisha ardhi ulishuka chini ya miguu ya watu. Moto wa gambut hauwaki kwa ndimi. Hufuka ndani kwa ndani kwa wiki nyingi, na ndoo ya maji haiuzimi. Moshi ulifunika Palangkaraya, ukavuka bahari mpaka Singapore na Malaysia, na Suharto akalazimika kuwaomba radhi majirani. Kwanza lawama iliwaangukia wakulima wadogo, kama kawaida ya lawama. Kisha picha za setilaiti zikaonyesha kwamba moto mwingi ulikuwa katika ardhi ya makampuni.

Mwaka 2002 Susan Page wa Uingereza na wenzake, miongoni mwao Suwido Limin wa Chuo Kikuu cha Palangkaraya, walitoa hesabu yao. Walipopima palipoungua, waliona ardhi imepungua kwa wastani wa sentimita 51. Kwa Indonesia nzima walikadiria kuwa mwaka ule ziliruka angani tani baina ya milioni 810 na milioni 2,570 za ukaa, yaani sawa na asilimia 13 mpaka 40 ya ukaa uliotokana na mafuta, makaa na gesi vilivyochomwa duniani kote kwa mwaka. Kabla ya hapo, watu walipotaja joto la dunia walitazama mabomba ya viwanda tu. Ni wachache waliotazama chini.

Suharto aliondoka madarakani Mei 1998, na mwaka 1999 mradi ukafutwa kwa amri ya Rais Habibie. Mifereji haikufutika kwa amri. Iliendelea kukausha, na mwaka 2015 moto ukala hekta kama milioni 2.6 nchini humo. Mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa wa Indonesia lilitoa fatwa kwamba kuchoma misitu na ardhi kwa namna inayoleta madhara ni haramu, na serikali ikaunda idara ya kurudisha maji katika gambut. Watu wakaanza kuziba mifereji, mmoja baada ya mmoja, kwa magogo na viroba vya mchanga. Mwaka 2020 serikali ikatangaza ghala jipya la chakula la taifa, na sehemu ya ardhi iliyochaguliwa ni ileile ya mifereji ya mwaka 1996.